Kimya cha rezo si sifuri: mwaka mmoja njiani na kompyuta mgongoni

Mwaka 2024 umekwisha, na nikihesabu siku zake naona nyingi nilizipitisha njiani kuliko ofisini. Kazi yangu ni kutengeneza programu za simu na za kompyuta. Hapa Lubumbashi wengi wanadhani hiyo ni kazi ya mtu wa kukaa kwenye kiti siku nzima, jenereta inanguruma nje, feni inapuliza ndani. Mwaka huu haikuwa hivyo. Kikundi chetu kidogo kilipewa kazi ya kuweka kwenye simu vitabu vya AVEC, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana ambavyo wazee wanaviona kama likelemba yenye daftari, na kufundisha masekretere wao. Hivyo nilipita Kalemie, Baraka, Uvira, Bukavu, Goma, Kisangani, na mwisho Kinshasa. Ni zaidi ya miezi mitano ya safari, ukitia ndani siku za kungoja chombo kiondoke.

Marafiki wameniomba niwaeleze uzuri wa nchi. Uzuri upo, na picha ninazo. Lakini kuna jambo moja nililoliona karibu kila mahali nilipofungua kompyuta yangu, na ninaona ni la kuwaambia viongozi wetu mapema, kabla kandarasi nyingine hazijatiwa sahihi. Programu tunazotumia, na wakubwa wanaosoma matokeo yake, wanachukua kimya cha mtu asiye na rezo kama jibu. Asipotuma kitu, anahesabiwa sifuri. Hana mgonjwa, hana deni, hana shida, hayupo.

Hili lisingekuwa kubwa kama ingekuwa michezo ya vijana kwenye simu. Lakini serikali ilitangaza Mpango wa Taifa wa Dijitali mwaka 2019, ikaufuatishia sheria ya dijitali ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Maana yake ni kwamba vyeti vya kuzaliwa, kodi, mishahara ya walimu, ripoti za afya, vyote vinapangwa kuhamia kwenye skrini. Mimi ninaishi na kazi hiyo, siwezi kuipinga. Ninauliza tu skrini hiyo inamwona nani.

Nianze na reli. Kutoka Lubumbashi hadi Kalemie treni inapita Kamina, Kabalo, Nyunzu, na yeyote aliyeipanda anajua kwamba siku za safari hiyo hazihesabiwi, zinavumiliwa. Ndani ya behewa nilijifunza jiografia ya rezo. Treni ikikaribia stesheni kubwa, unaona mikono inainuka na simu, watu wanapiga kelele "imefika!", kila mtu anatuma alichokuwa ameandika tangu jana: bei ya mahindi Kabalo, habari ya msiba, pesa za shule. Dakika chache baadaye rezo inakatika na simu zinarudi mfukoni. Mama mmoja aliyekuwa na magunia ya samaki wakavu aliandika ujumbe wake wote kwanza kwenye karatasi, ili rezo ikija asipoteze nafasi kwa kufikiri. Sisi watengenezaji wa programu tuna jina refu la Kiingereza kwa utaratibu huo wa kuandika kwanza na kutuma baadaye. Yeye anaufanya kwa kalamu ya Bic.

Kalemie nilifika wakati maji ya Ziwa Tanganyika yalikuwa yamepanda. Wasomaji wanakumbuka picha za mwezi wa nne na wa tano: nyumba zenye maji hadi dirishani, Kalemie, Uvira, hata ng'ambo kule Burundi. Kikundi kimoja cha wamama wauzaji wa mikate na mafuta kilipoteza daftari lake ndani ya maji hayo. Sanduku la chuma lilibaki, pesa zilikuwa ndani, kufuli zake tatu zimefungwa, na funguo tatu ziko kwa wamama watatu tofauti kama inavyotakiwa. Kilichopotea ni kumbukumbu ya nani amekopa kiasi gani. Nilidhani nitakuta ugomvi. Nilikuta wamama ishirini na wanne wamekaa chini ya mwembe, wakijenga upya hesabu ya miezi saba kwa kinywa, mmoja baada ya mwingine, wengine wakithibitisha au wakikataa. Walimaliza kwa siku mbili. Tofauti kati ya hesabu yao na pesa za sandukuni ilikuwa franka 11,500, karibu dola nne kwa bei ya wakati ule, na wakakubaliana kuigawana.

Nilipotoa simu na kuanza kueleza programu, mwenyekiti wao alinikata neno.

"Mwanangu, hii kitu haitakula inite yangu?"

Watu wa mjini watacheka. Mimi sikucheka, sababu mama huyu anakumbuka vizuri. Kuanzia mwezi wa tisa 2020 kulikuwa na kodi iliyoitwa RAM, iliyokatwa moja kwa moja ndani ya inite za watu, hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu za 3G na 4G. Unatia inite asubuhi, jioni zimeyeyuka, na huna karani wa kumuuliza. Kelele zilikuwa nyingi, bungeni na mitaani, na mwaka 2022 kodi hiyo iliondolewa. Imani ya watu haikurudi pamoja na tangazo. Katika vijiji vingi nilivyopita, simu ni kitu ambacho serikali inaweza kuingiza mkono ndani yake usiku ukiwa umelala. Mtu anayekuja na programu mpya anaingia nyumba ambamo mwizi amepita hivi karibuni, na anapaswa kubisha hodi kwa adabu zaidi ya kawaida.

Nilimwonyesha kwamba programu yetu inaandika bila rezo na bila inite, na kwamba daftari la karatasi linabaki pale pale. Alikubali kwa sharti moja: namba za siri ziwe tatu, kwa wamama watatu, kama funguo. Tulikuwa tumekwisha kuifanya hivyo. Aliponiona ninamwonyesha sehemu tatu za kuandika namba, ndipo alipomwita sekretere asogee.

Kutoka Kalemie nilipanda boti hadi Baraka, na kutoka Baraka nilikwenda milimani.

Kituo cha afya ninachotaka kukielezea kiko ndani ya teritwari ya Fizi. Unakifikia kwa pikipiki kwa saa kadhaa, na kuna sehemu unashuka na kusukuma. Nilikwenda huko kwa sababu kikundi cha akiba kinakutana kwenye uwanja wake. Muuguzi mkuu, ambaye kijiji kizima kinamwita Doktere, ana tableti moja kwa ajili ya ripoti za kila juma: wagonjwa wangapi wa malaria, wangapi wa surua, wangapi wa kuhara, nani amekufa. Kando ya Ziwa Tanganyika kipindupindu hakihami. Kinapumzika, kisha kinarudi. Kwa hiyo mstari wa kuhara katika ripoti hiyo unaweza kuamua kama klorini na seramu zitaletwa mapema au zitaletwa baada ya mazishi.

Programu yenyewe haina tatizo. Inaandika bila rezo na inahifadhi. Tatizo ni kutuma. Rezo iko juu ya kilima, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, kwenye jiwe ambalo vijana wameliwekea alama ya chokaa: simama hapa, elekea ziwani. Kila juma anapanda na tableti ndani ya mfuko wa plastiki. Mvua kubwa ikinyesha, hapandi. Watu wenye silaha wakisikika njiani, hapandi. Mzazi akiwa na uchungu, hapandi. Na jua lisipowaka siku mbili, paneli ndogo iliyo juu ya bati haijazi betri, hata angepanda angekuwa amebeba kioo cheusi.

Nilimuuliza: "Doktere, juma usilopanda, kule juu wanaona nini?"

"Wanaona hakuna mgonjwa," akajibu. Kisha akacheka. "Mgeni mmoja alifika hapa na makaratasi yake, akanipongeza. Akasema kituo changu kimepunguza kuhara vizuri sana. Nilipoangalia tarehe, yalikuwa yale majuma ambayo mvua ilikata njia. Tulizika watoto wawili."

Nimeandika programu kwa miaka tisa na sijasikia maelezo mafupi zaidi ya hatari ya kazi hii. Ndani ya kompyuta, "sifuri" na "hakuna jibu" ni vitu viwili tofauti kabisa. Sifuri ni mtu aliyehesabu na kukuta hakuna. Hakuna jibu ni sanduku tupu. Kompyuta inajua tofauti hiyo tangu zamani. Anayeipoteza ni binadamu, pale anapojumlisha safu ya namba na kuacha sanduku tupu likae kama sifuri, kwa sababu jedwali lenye nafasi wazi linaonekana baya mbele ya mkubwa.

Na hapa nataka niwe wa haki. Mfumo wa habari za afya wa nchi yetu unatumia DHIS2, programu iliyotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Oslo na watu wa afya wa Afrika Kusini, na sasa inatumiwa na nchi nyingi za bara letu. DHIS2 inahesabu yenyewe ni vituo vingapi vilipaswa kutuma na ni vingapi vimetuma. Watu wa kanda za afya wanaijua namba hiyo, wanaiita complétude, na wanaipigania kila mwezi kwa pikipiki na simu zao wenyewe. Kwa hiyo chombo kipo na kimetengenezwa vizuri. Lakini namba hiyo inasafiri vibaya. Kutoka kanda hadi jimbo bado iko. Kutoka jimbo hadi Kinshasa imekuwa maandishi madogo chini ya ukurasa. Ikifika kwenye hotuba, haipo tena. Inabaki "kesi zimepungua".

Wakati wa mpox tuliona upande wa pili wa jambo hilo. Aina mpya ya ugonjwa huo iligunduliwa Kamituga, mji wa wachimbaji wa dhahabu Kivu Kusini, na mwezi wa nane 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Dunia nzima ikajua jina Kamituga. Kamituga ni mji wenye watu wengi, pesa, na wageni wanaoingia na kutoka, hivyo kimya chake hakikuweza kudumu. Najiuliza kuhusu vijiji vya ukubwa wa kile cha Doktere, ambavyo havina dhahabu.

Kutoka Uvira kwenda Bukavu kuna njia yetu ya milima ya Ngomo, na mwaka 2024 kulikuwa na njia ambayo madereva wengi waliipenda zaidi: unafika Kamanyola, unavuka kuingia Rwanda, unapanda kwenye lami yao, unarudi Kongo upande wa pili wa Ruzizi. Mkongomani anatoka mji wa Kongo kwenda mji wa Kongo, jimbo lile lile, na anapigiwa mihuri ya nchi nyingine. Waandishi wamekwisha kuandika sana kuhusu aibu hiyo, siongezi. Mimi naongeza la kazi yangu. Simu inapofika mpakani inashika rezo ya jirani, hata ukiwa umeketi kwako Bukavu karibu na mto, na programu nyingi zinaamua nchi ya mtu kwa kuangalia rezo aliyoshika. Niliona mfanyabiashara mmoja akikataliwa huduma ya pesa kwenye simu yake kwa maelezo kwamba yuko nje ya nchi, naye amesimama mbele ya duka lake. Kasumbalesa ni hivyo upande wa Zambia, Uvira upande wa Burundi. Yule aliyeiandika programu hiyo, popote alipo, anaishi mahali ambapo mpaka uko mbali.

Yako mengine madogo ya aina hiyo, nayataja haraka. Sisi tuna jina, postnom na prénom, tangu siku za Mobutu, na fomu za kigeni zina nafasi mbili tu. Mtu huyo huyo anatokea mara tatu katika orodha tatu kwa majina matatu. Nchi yetu ina saa mbili: ripoti iliyotumwa Uvira nusu saa baada ya usiku wa manane, tarehe mosi, inasomeka Kinshasa kama ya mwezi uliokwisha. Tunahesabu kwa franka na kwa dola siku moja, mkono mmoja, na dola iliyochanika pembeni kidogo ni dola benki kuu ya Marekani inakoishi, lakini si dola sokoni Goma. Programu isiyojua hayo haifai hapa, hata ikiwa imepata zawadi mahali pengine.

Bukavu na Goma nilivuka kwa boti ya haraka, kabla ya mwezi wa kumi. Nilikwisha kurudi nyumbani tuliposikia habari ya MV Merdi. Tarehe 3 mwezi wa kumi chombo hicho, kilichotoka Minova, kilipinduka karibu sana na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa wanakiangalia kutoka ufukoni. Vita vilikuwa vimekata barabara, ziwa likawa barabara. Kufuatana na viongozi wa jimbo, walikuwemo watu zaidi ya 200 katika chombo chenye nafasi ya watu 80. Hesabu ya waliokufa ilibadilika siku kwa siku. Familia zilikaa bandarini na mochari zikitafuta watu wao, kwa sababu hapakuwa na orodha ya abiria ya kuaminika.

Baada ya hapo vijana kadhaa waliniandikia: tutengeneze programu ya tiketi za boti! Nia ni nzuri. Lakini fikiria bandari yenyewe: watu mia moja wanaruka ndani kwa dakika kumi, wengine wamekimbia risasi asubuhi ile ile, karani ana simu moja yenye betri ya asilimia kumi na mbili, na hakuna rezo. Orodha itakayosaidia pale ni ile inayoandikwa haraka, hata kwa karatasi, na nakala yake inabaki nchi kavu. Daftari mbili na karani wawili. Kompyuta inaweza kuja kusaidia daftari hilo baadaye, kwa kulipiga picha na kulituma rezo ikipatikana. Ikija kulifukuza, tutapata abiria ambao hawamo hata kwenye karatasi.

Kisangani sikukaa sana, joto na malaria vilinishinda, nashukuru tu wamama wa Makiso walionipikia liboke bila kuniuliza ninatoka wapi.

Kinshasa nilialikwa kwenye mkutano wa siku mbili kuhusu dijitali. Sitaitaja ofisi iliyouandaa. Ingeweza kuwa ofisi nyingine yoyote. Ukutani walionyesha ramani ya nchi, teritwari zote 145, kila moja na rangi yake. Kijani ilikuwa nyingi. Niliangalia upande wetu nikaona sehemu niliyopita, yenye kilima na jiwe la chokaa, ni kijani. Nikauliza, kwa heshima, kijani inamaanisha nini. Mtaalamu akajibu kwa upole kwamba hakuna taarifa ya tatizo iliyofika kutoka huko.

Wakati wa mapumziko nilizungumza na wenzangu wa kazi, vijana hodari wa Gombe na Limete, na nitaweka hapa hoja zao kwa sababu ni hoja za watu wenye akili. Ya kwanza: rezo inakuja, kwa nini tuandike programu za watu wasio nayo? Walitaja Starlink. Ni kweli satelaiti zinaweza kufika ambapo nguzo hazifiki, ingawa mwezi wa tatu 2024 mamlaka ya mawasiliano ilikumbusha kwamba kuitumia Kongo kulikuwa bado hakujaruhusiwa wakati ule. Tuseme imeruhusiwa. Itahitaji umeme. Na kuhusu umeme nchi hii ina historia ndefu ya vitu vinavyopita juu ya vichwa vya watu: waya wa Inga hadi Kolwezi, kilomita karibu 1,700, umekwisha tangu 1982, na vijiji vilivyo chini yake vinawasha koroboi hadi leo. Waya ulitengenezwa kwa ajili ya migodi, ukafika migodini. Kitu kinafika pale kilipopangiwa kufika.

Hoja ya pili ni ya pesa, na hiyo ni ngumu zaidi. Programu inayofanya kazi bila rezo inagharimu. Simu mbili zikiandika kitu kile kile kila moja peke yake, siku zitakapokutana lazima ziamue ni ipi ya kuaminiwa, na kuandika utaratibu huo vizuri kunachukua majuma. Mwenye kutoa kandarasi anaona bei, anachagua ya rahisi. Namuelewa. Lakini gharama hiyo haiondoki kwa kukataa kuilipa. Inahamia kwa Doktere, anailipa kwa miguu yake saa tatu kila juma, kwenda na kurudi, na hakuna bajeti inayomwandika.

Hoja ya tatu ilisemwa kwa sauti ya chini: watu wa vijijini si wengi kwenye mifumo hiyo, mbona tuanze nao? Hapo ndipo duara linapofunga. Si wengi kwenye mifumo kwa sababu mifumo haiwaoni, halafu tunatumia mifumo hiyo kuthibitisha kwamba si wengi. Nchi hii ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Walikuwa karibu milioni 30. Leo tunasema tumezidi milioni 100, na tunasema hivyo kwa makadirio. Kadi ya mpiga kura ndiyo imefanya kazi ya kitambulisho kwa karibu miaka ishirini, na kwa wengi maandishi ya ile ya mwisho yamekwisha kufutika. Taifa la namna hiyo haliwezi kujifanya kwamba asiyeonekana hayupo.

Ninachoomba hakihitaji mkopo mpya wa Benki ya Dunia. Kwanza, kila kandarasi ya programu inayolipwa kwa pesa za umma iseme wazi kwamba programu hiyo itajaribiwa ndani ya teritwari, mbali na makao makuu ya jimbo, kwa siku zisizopungua kumi, na watu watakaoitumia kweli. Jaribio lifanyike kwa lugha ya mahali pale. Katiba inazo lugha nne za taifa, na menyu za simu za Kifaransa tupu haziwafikii wamama wa chini ya mwembe. Mtoa pesa asilipe malipo ya mwisho kabla ya kusoma ripoti ya siku hizo kumi.

Pili, kila ramani na kila jedwali linaloonyeshwa kwa waziri, gavana au waandishi wa habari liwe na rangi yake ya kimya. Kijivu, tuseme. Mahali pasipotuma habari pawe kijivu, wala pasiruhusiwe kuwa kijani. Hii ni kazi ya nusu siku kwa mtengenezaji wa programu yeyote. Nimeifanya mimi mwenyewe kwenye chumba cha hoteli Kinshasa, usiku wa siku ya pili ya mkutano, nikitumia takwimu ambazo zilikuwa wazi kwa washiriki wote. Ramani iligeuka. Asubuhi nilimwonyesha yule mtaalamu. Alikaa nayo kimya kwa muda, akaniomba nimtumie, nikamtumia. Sijapata jibu, nami namhesabu kama mtu ambaye bado hajajibu.

Tatu, karatasi ibaki. Mtu asikataliwe cheti, seramu au mshahara kwa sababu simu yake haikushika. Vijana wenzangu hawapendi kusikia hilo, wanaona ni kurudi nyuma. Waende Kalemie wakaulize ni kitu gani kiliokoa hesabu ya miezi saba: wamama wenye kumbukumbu, na sanduku lenye funguo tatu.

Mwezi wa tatu tunaanza kazi nyingine, ya vyama vya wakulima wa mahindi na mihogo. Wenye pesa walitaka jaribio la kwanza lifanyike hapa Lubumbashi, kwa sababu ni karibu na uwanja wa ndege. Nimewaandikia barua ya kurasa mbili nikiomba lifanyike Nyunzu. Wamejibu kwamba wanalichunguza, na wameuliza kama Nyunzu kuna hoteli.